Reli Zetu Ziko Ghorofani

Nilipanda ngazi zile na kuku kwapani, nikashuka sina kuku wala reli. Chini kabisa, kwenye ngazi ya kwanza, mzee alikuwa amekaa ananingoja. Magongo yake kayalaza kando, mguu wake mpya kaupakata ndani ya kiroba kama mtu aliyebeba mbegu. Alikuwa amevaa kofia yake nzuri, kwa sababu alijua tunakwenda kukomboa mali yetu na kurudi nayo kwa shangwe.

"Wanasemaje, Mngoni?"

"Hazirudi."

"Nini hazirudi?"

"Reli. Wamezikaza kwenye sakafu huko juu. Mkurugenzi anasema ndipo mahali pake."

Mzee akageuza shingo, akazifuata ngazi kwa macho mpaka pale zinapokata kona. Watu wawili wakampita wakiomba radhi. Halafu akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Niambie bado ni utani."

Nimepita mengi mimi. Siku niliyoamka hospitali nikapapasa mguu nikashika shuka, niliumia, lakini siku ile nilijua la kufanya: nilitukana mpaka muuguzi akafunga dirisha. Pale kwenye ngazi nilikosa hata tusi.

Sasa nieleze tangu mwanzo, ijulikane nani alifanya nini. Majina siandiki. Vyeo nitavitaja, na mavazi nitayataja, wenyewe watajijua.

Shule niliishia darasa la nne. Nilikuwa na genge la ndizi na nyanya pembeni ya barabara Lizaboni, hapa Songea mjini, mpaka lori la mahindi lilipokosa breki likaja kumalizia safari mezani kwangu. Watu wanasema ajali. Mimi sisemi ajali. Dereva alimwambia mwenye lori kwamba breki zimekufa, na mwenye lori akamwambia pakia. Mwenye lori yupo, ana nyumba ya bati la bluu na anakaa benchi la mbele kanisani. Tukifika kwenye kupeana amani ananipa ncha za vidole. Mimi nampa mkono mzima, na nambana.

Nililazwa hospitali ya Peramiho, nikapona, nikapata mguu wa bandia, nikarudi nyumbani kukaa. Huko kukaa ndiko kulikonishinda. Kila anayepita anakwambia pole, na ukishaitikia pole za asubuhi, zinakuja za mchana. Basi Jumapili moja kanisani likatoka tangazo kwamba mashirika ya mjini yanatafuta watu wa kujitolea. Nikajisemea, mikono ninayo, mdomo ninao, naanza kesho.

Nilianzia kwenye nyumba ya watoto yatima. Binti wa mapokezi kuniona naingia nachechemea akasimama, akanivutia kiti, akaniletea maji. "Pole mama, anayeshughulika na misaada yuko kwenye kikao."

"Mimi nimekuja kufanya kazi, mwanangu. Kujitolea."

"Ndiyo mama, usiwe na wasiwasi, hata wewe utapata." Na kweli nilipata. Nilirudi nyumbani na sabuni ya mche na kilo ya sukari, na hakuna aliyenielewa.

Kwenye shirika la mambo ya lishe walinipiga picha nimeshika ndoo ya unga kabla sijafungua mdomo. Nasikia ile picha iko ukutani mpaka leo, na chini yake wameandika kwamba nimefurahi.

Nyumba ya wazee walinipanga kwenye foleni ya uji. Nikaunywa, ulikuwa uji mzuri wa ulezi, halafu nikainuka nikaanza kuosha vikombe vyote. Bibi mmoja akamuuliza mwenzake, "Huyu mgeni vipi? Hajaambiwa kuwa hapa tunaoshewa?" Tulicheka pale mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Kwa wale bibi nilikaa msimu mzima wa baridi, nawasuka nywele barazani kwenye kijua, wananisimulia waume zao. Sijapata kusikia mambo kama yale. Siwezi kuyaandika.

Ndipo nikafika kwenye kituo cha miguu, Bombambili. Ni nyumba ya kawaida yenye ua mpana na baraza ndefu ya saruji. Fundi anayetengeneza miguu ya bandia alikuwa anasugua kitu kwa tupa. Akatazama mguu wangu kwanza, uso baadaye.

"Huo unakubana kwa ndani."

"Nimekuja kujitolea."

"Nimesikia. Kaa kwanza nikulegezee."

Sikutoka tena.

Katikati ya baraza ile zilikuwapo reli. Ni mabomba mawili ya chuma, marefu, yamesimamishwa sambamba kwa kimo cha kiuno na kukazwa chini kwa bolti. Mtu aliyekatwa mguu akipewa mpya haondoki nao siku hiyohiyo akaenda sokoni. Anaingia katikati ya zile reli, anashika huku na huku, na anajifunza upya kutembea. Wengine wanalia. Mmoja, mama mtu mzima, alicheka njia nzima kwenda na kurudi, akasema anajiona kama bibi harusi. Kazi yangu ilikuwa kusimama mwisho wa reli na kumvuta mtu kwa maneno. Maneno mazuri sikuwa nayo. Niliwachokoza, maana mimi mwenyewe nilisimama kwa hasira.

Yule mzee wa kwenye ngazi, mtu wa Nakapanya huko Tunduru, aliletwa na mpwa wake anayeishi hapa mjini. Mkulima wa korosho, nyoka alimgonga shambani, mguu ukakatwa chini ya goti. Nikamwamkia. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mngoni."

Akamgeukia mpwa wake. "Kumbe umenileta utumwani na hukuniambia."

Nikajua nimepata mtu. Wayao na sisi Wangoni ni watani, tangu babu zetu walipowaendea kwa mikuki wakarudi na mbuzi wao na wake zao. Siku hizi vita imebaki mdomoni. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kitu chako unacheka, kisha unakwenda kukikomboa, kwa kuku au kwa chochote, naye ni lazima akirudishe. Hiyo lazima ndiyo inayofanya uwe utani. Ukiiondoa, kinachobaki kina jina lingine.

"Babu zenu walichukua mbuzi," mzee aliniambia akiwa anavishwa mguu. "Sasa mmefuata na miguu."

"Mguu wako tuliukuta njiani, tukaunusa, tukauacha."

Fundi alimwambia anyamaze asije akacheka akaanguka. Mzee akasema yeye hakuja kuchezacheza, ana shughuli. Binti yake wa mwisho anaolewa korosho zikishauzwa. "Nataka nitoke msikitini mpaka nyumbani kwangu kwa miguu, nikae mkekani nimwozeshe mwanangu, na tukimaliza niinuke mwenyewe. Sitaki kubebwa kama gunia la korosho mbele ya wakwe."

Tangu siku ile kituo kizima kilijua tunafanya kazi gani. Kila alipoingia kwenye reli wagonjwa wenzake walikuwa wanauliza, "Mzee, umefika wapi?" Naye anajibu, "Nimeuona msikiti." Siku nyingine anajibu, "Leo nimerudi nyuma, nimesahau kofia."

Ikaja ile Jumamosi. Fundi alikuwa amekwenda Mbinga kwenye msiba. Pikapu ya ofisi ya shirika linalosimamia kituo chetu ikaingia uani, na dereva wake, mtu mzima mwenye kipara, Myao wa Tunduru, akashuka na wapakiaji wawili. Tulimzoea, alikuwa akituletea vifaa na matusi. Akasimama katikati ya baraza, mikono kiunoni.

"Wangoni, leo siku yenu imefika. Babu zenu walichukua vyetu, leo mjukuu anachukua vyenu."

"Chukua," nikamwambia. "Tuone kama utafika darajani."

Akatoa spana. Tulikufa kwa kicheko. Nati moja ilikuwa imeshika kutu, nikamshikilia bolti kwa chini ili azungushe vizuri. Mzee wetu pale benchini alikuwa anapiga makofi. "Pakia, mwanangu, pakia yote. Na huyo mama pakia, atakwenda kutupikia." Mama mmoja wa magongo akapiga vigelegele. Pikapu ikatoka inapiga honi, reli zinaning'inia nyuma, sisi tunaikimbiza kwa miguu tuliyokuwa nayo, na kwa ile hesabu ya miguu tuliyokuwa nayo hatukufika mbali. Mzee alisema hajaona vita nzuri kama hiyo.

Jioni tukafagia matundu manne yaliyobaki kwenye saruji, tukakubaliana kuku awe jogoo, mwekundu, asije mtu akasema Wangoni ni bahili.

Jumatatu tukaenda kukomboa. Ofisi yao mpya iko barabara kubwa, ghorofani. Mzee akasema atasubiri chini, nikapanda na jogoo. Nilipanda kwa kushika ukuta, kwa sababu upande mmoja hakuna kishikio. Juu, katibu muhtasi akasema, "Pole mama, anayeshughulika na misaada…" nikampita.

Reli zetu niliziona mlango ukiwa wazi. Zimekazwa kwenye chumba chenye vigae vyeupe, mapazia mapya na kioo ukuta mzima. Hamna mtu. Mkurugenzi akatoka ofisini kwake, koti la kijivu, miwani kaipandisha kichwani.

"Karibu mama. Hicho ni nini?"

"Kuku wa kukomboa. Mtani wetu alichukua reli Jumamosi."

Akatabasamu kidogo, kama anayemngoja mtoto amalize. "Reli zimehamishwa, mama. Wafadhili wanakuja, na vifaa vinatakiwa viwe mahali pasafi panapoonekana. Kamati imepitisha. Wagonjwa watakuwa wanapanda kwa ratiba."

"Watapanda na nini?"

Hapo ndipo alipoangalia mguu wangu. Aliuangalia kidogo, akahamisha macho. "Na kuku hapa ofisini hatupokei."

Mimi nikalegeza mkono. Siwezi kusema nilidhamiria, wala siwezi kusema sikudhamiria. Jogoo akapita chini ya meza ya katibu muhtasi, akapita kwenye mapazia mapya, akajiona kwenye kile kioo akadhani kuna mwenzake, akampiga ngumi za mabawa, kisha akaruka akatua juu ya reli na kuacha mzigo wake. Ndiye kiumbe wa kwanza kutumia reli zile tangu zipande ghorofani. Dereva ndiye aliyekuja kumkamata. Alimshika vizuri, miguu kwa pamoja, akasimama naye macho chini.

Nikamwambia mbele ya bosi wake, "Mtani, kuku wako ndiye huyo. Mali yetu?"

"Mama, ufunguo si wangu."

"Ulituambia unatania."

Akamhamishia jogoo kwapani. "Niliambiwa, wewe si mtani wao? Nenda wewe. Nenda Jumamosi fundi hayupo, cheka nao, hawataleta ubishi. Ndivyo nilivyoambiwa."

Mkurugenzi akashusha miwani, akaanza kutafuta kitu mezani kwa katibu wake. Mpaka natoka hakuwa amekiona.

Basi ndipo nikashuka, na mzee akaniomba nimwambie bado ni utani. Nilipomweleza yote, alivua kofia yake nzuri. Halafu akacheka, lakini kwa pua tu. "Na mimi nilimpigia makofi." Akachukua magongo yake, nikachukua kiroba chenye mguu, tukaenda.

Siku mbili tatu hakuja kituoni. Fundi alirudi kutoka Mbinga, akayaona matundu manne, akaingia chumbani kwake akasugua kitu kwa tupa kutwa nzima. Mimi nilimfuata mzee kwa mpwa wake nikamkuta amelala mchana. Nikamwambia Wayao walikimbia vita tangu zamani, sikushangaa. Hakunijibu. Mtani asipojibu, hiyo ni hali mbaya.

Kumbe dereva naye alikuwa hapati usingizi. Siku hiyohiyo alasiri nikasikia kengele ya baiskeli uani kituoni. Kaazima baiskeli ya mizigo, kafunga mianzi mirefu iliyoburuzika njia nzima kutoka kwa shemeji yake anayegema ulanzi, ile pombe ya mianzi, huko upande wa Matogoro.

"Kuku nimemla na wajukuu," alisema, jasho linamtoka. "Nitamlaje bure? Reli siwezi kuzirudisha. Nimeleta hizi."

Fundi alitoka chumbani, akaugonga mwanzi mmoja kwa kucha, akausikiliza, akaenda kuchukua jembe. Tulichimba mashimo uani, tukasimamisha nguzo, tukalaza mianzi juu yake na kuikaza kwa mpira wa tairi. Wagonjwa walikuwa wanashikilia huku wamekaa kwenye ndoo. Wa kukata alikata, wa kutoa amri walikuwa wengi. Nikampigia mpwa wa mzee simu, nikamwambia mlete mjomba wako, akikataa mwambie Mngoni kasema Wayao wamerudisha mali kwa mara ya kwanza katika historia.

Mzee alikuja. Akaizunguka ile mianzi, akainusa.

"Mwanangu," akamwambia dereva, "umeniletea miti ya pombe?"

"Imekauka, mzee."

"Mimi naingia msikitini. Mguu ukilewa utanijibia wewe?"

Uwanja mzima ukalipuka, na yeye mwenyewe akacheka, safari hii kwa mdomo wote. Akavishwa mguu, akaingia kati. Mwanzi ukanepa. Akapiga yowe, akaachia, akasimama. Alisimama hajashika kitu, muda wa kutosha kila mtu kuona, kisha akashika tena.

Fundi alisema chuma kilikuwa kinambeba na mwanzi unakataa kumbeba, kwa hiyo imebidi mguu ufanye kazi. Mkurugenzi asije akasoma hapa akajiandikia kwamba alitusaidia. Wengi kwenye ule mwanzi walianguka, na mama mmoja wa Namtumbo alichanika kiganja.

Mzee alifanya mazoezi asubuhi na jioni. Dereva akawa anapita kila akitoka kazini, anasimama mwisho mmoja na mimi mwisho mwingine, tunamrushia mzee matusi kutoka pande zote mbili. Kufika wakati korosho zinauzwa alikuwa anatembea uani kwa fimbo moja, na anatukosoa tunavyofagia.

Harusini tulikwenda watatu, fundi, dereva na mimi. Nakapanya palikuwa pamepikwa pilau ya kujulikana kwa harufu tangu barabarani. Baada ya sala ya adhuhuri wanaume walitoka msikitini, na katikati yao yumo mzee wetu, kanzu nyeupe, kofia ileile, fimbo mkononi. Mguu wa kulia unatua kwa kishindo kidogo, wa kushoto unafuata kimya. Wanawake tuliokuwa kwenye uzio tulikuwa tumeshika midomo.

Alipofika karibu na nyumba nikatoka mbele, nikatandaza kanga yangu njiani nikakaa juu yake. "Hapiti Myao hapa mpaka akomboe njia."

Wakwe walishangaa, kisha mmoja akauliza, "Mngoni huyo?" na wote wakaelewa. Mzee alisimama juu yangu, amejishikilia kwa fimbo, uso umemeremeta kwa jasho.

"Watu gani nyie hamchoki kuteka," alisema. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akanimiminia kichwani korosho za kukaanga. Kumbe alijiandaa. Nikaokota chache, nikakunja kanga, akapita.

Akakaa mkekani. Akamshika mkono bwana harusi, maneno yakasemwa, dua ikaombwa, watu wakaitikia amin. Halafu kukatulia, maana ndugu zake walikuwa wanajua kinachofuata. Wawili wakamsogelea kwapani.

"Niacheni," alisema.

Akaupeleka mbele mguu wa bandia, akaweka kiganja kwenye goti la mguu wake mzima, akasukuma. Fimbo iliteleza kidogo. Dereva pembeni yangu alikuwa ameshika kipara chake kwa mikono yote miwili. Mzee akainuka. Akanyoosha kanzu, akamtazama bwana harusi kutoka juu, akamwambia, "Haya, mchukue. Na ukimtesa nakuja kwa miguu."

Vigelegele vile sijavisikia tena. Mke wake alitoka jikoni na upawa mkononi, unadondosha mchuzi njia nzima, akaja akasimama mbele yake akamwangalia tangu kichwani mpaka kwenye kiatu. Akampangusa jasho kwa kanga, akarudi jikoni.

Jioni, tumeshiba, tumekaa barazani, mzee aliniuliza, "Na yule mama wa Namtumbo, aliyechanika mkono?"

"Yupo. Anaogopa mwanzi."

"Basi usiwanyamazie wale."

Ndiyo maana naandika. Mvua zimeanza Songea, mianzi inapasuka, na mchwa wameingia kwenye nguzo mbili. Mama wa Namtumbo ana mguu mpya na ana watoto wadogo, na kila akija anakaa benchini akiangalia matundu manne kwenye baraza. Huko ghorofani reli zinang'aa mbele ya kioo. Nimepeleleza: tangu wafadhili wapige picha wakaondoka, mlango umefungwa.

Dereva nimemsamehe, alilipa. Mwenyekiti wa kamati, wewe usiyevua kofia mchana wala jioni, ulipitisha jambo na hujawahi kukanyaga baraza letu. Lakini ninayemtaka hasa ni mkurugenzi. Kunyang'anya ungenyang'anya tu, ungekuja mwenyewe na koti lako tukaonana uso kwa uso, tungekupinga na huenda ungeshinda. Ila wewe uliuchukua utani wetu, kitu ambacho Myao na Mngoni wamekilea mpaka kikawa salama, ukautuma ukatuibie huku tunacheka. Ukamfanya mzee apige makofi.

Ngazi zile unazishuka kila siku kwa miguu miwili. Shuka uje Bombambili, usimame hapa penye matundu, mbele ya mama wa Namtumbo, useme nani alikupa ruhusa. Na kwa kuwa jogoo alipokelewa ofisini kwako na akaliwa, ukija, njoo na reli zetu.